Amngojaye Mungu Hakunji Mikono

Muhula uliopita nilikuwa nikifundisha methali katika kidato cha tatu. Niliandika ubaoni "Subira huvuta heri", na chini yake, kwa makusudi ya kuwachokoza wanafunzi, nikaandika "Ngoja ngoja huumiza matumbo". Nilitarajia mjadala wa kawaida kuhusu methali zinazopingana. Badala yake, msichana mmoja aketiye nyuma aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, kanisani kila Jumapili tunaambiwa tumngoje Mungu. Sasa sisi tushike ipi kati ya hizi mbili?"

Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilijua swali lile lilikotoka. Kaka yake alihitimu katika chuo cha ualimu miaka kadhaa iliyopita na hadi sasa hajaajiriwa. Mama yao, mjane mcha Mungu, hana neno jingine la kumpa ila kumwambia amngoje Bwana. Kengele ililia kabla sijajibu. Makala haya ndiyo jibu langu, na nimeona vyema niwashirikishe walimu wenzangu na wanafunzi wengine, maana najua swali hilo si la msichana yule peke yake.

Kwanza tukubaliane kwamba kungoja kuko kwa namna nyingi. Mteja aliyeketi hotelini akaagiza pilau yake hungoja. Mdai aliyemkopesha mwenzake fedha hungoja. Na mtumishi aliyeachiwa nyumba na bwana wake aliyesafiri, naye hungoja. Ukiwatazama kwa nje, wote watatu wanafanana, kwani hakuna hata mmoja aliyekwisha kukipata anachokingoja. Tofauti imo moyoni na mikononi. Mteja huangalia saa na kunung'unika. Mdai huhesabu siku na riba. Mtumishi hana nafasi ya kuhesabu: ana taa ya kutia mafuta, ana ua wa kufagia, ana watu wa nyumba ya kuwalisha. Maoni yangu ni kwamba wengi wetu tusemao tunamngoja Mungu humngoja kama wateja, na tuchokapo hugeuka tukawa wadai.

Sisemi haya kwa kuwahukumu wengine. Nilikuwa mteja wa namna hiyo mimi mwenyewe. Nilimaliza masomo yangu ya ualimu mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati ambapo walimu wapya hawakuwa wakiajiriwa moja kwa moja kama waliotutangulia. Nilirudi nyumbani kwetu Rabai na cheti changu ndani ya bahasha ya kaki. Kila mwezi nilikwenda katika ofisi moja mjini, na kila mwezi niliambiwa nirudi mwezi ujao. Siku nyingine zote nilikaa chini ya mwembe ulio karibu na kanisa letu, nikasoma magazeti ya wiki iliyopita na kumwomba Mungu anikumbuke. Watu walinisifu kwa uvumilivu. Walisema, "Kijana yule anamngoja Mungu." Nami nilisadiki kwamba ndivyo nifanyavyo.

Kanisa lile lilikuwa na mzee mmoja aliyelitunza. Hakuwa kasisi wala mhubiri. Kazi yake ilikuwa kufungua mlango alfajiri, kufagia, kujaza maji mtungini na kufunga jioni. Kasisi wetu alikuwa na makanisa mengi ya kuhudumia, kwa hivyo alitufikia Jumapili moja au mbili kwa mwezi. Hata hivyo, mzee alifungua mlango kila siku, mvua au jua. Siku moja nilimuuliza, "Mzee, mbona unajichosha kufungua kila siku ilhali unajua kasisi haji?" Aliegemea ufagio wake akanijibu: "Mwanangu, mimi simngoji kasisi. Naungoja mlango. Mtu akija na haja yake, aukute wazi."

Kisha akanigeuzia swali: "Nawe wangoja nini chini ya mwembe ule?" Nikamwambia nangoja kazi. Akatazama barabarani, ambako watoto kama kumi hivi waliofukuzwa shule kwa kukosa karo walikuwa wakicheza na gurudumu la baiskeli. Akasema: "Kazi ndiyo ile. Unachongoja wewe ni mshahara."

Neno lile liliniuma, na sikuzungumza naye kwa siku mbili. Siku ya tatu alinipa ufunguo wa chumba cha nyuma cha kanisa bila kusema lolote. Ndipo nilipoanza kuwafundisha watoto wale hesabu na Kiswahili, asubuhi hadi adhuhuri. Wazazi walinilipa kwa muhogo, nazi na mara chache shilingi. Nilifanya hivyo kwa miaka mitatu. Barua ya kuajiriwa ilinijia baadaye, kwa njia ya kawaida na kwa kuchelewa. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba ilikuja kwa sababu niliwafundisha watoto wale. Wapo wenzangu waliofanya mema kuliko mimi na barua yao haikuja kamwe. Ninachoweza kusema kwa hakika ni kwamba miaka ile mitatu haikupotea, na kwamba mmoja wa watoto wale leo ni mwalimu mwenzangu.

Nilipoanza kufundisha lugha ndipo nilipotambua kwamba mzee yule alikuwa amesema Kiswahili safi. Katika lugha yetu kitenzi "kungoja" hakina maana ya kukawilia jambo tu. Kina pia maana ya kulinda na kutunza. Bawabu aliitwa mngoja mlango, na mlinzi huitwa mngojezi. Kwa hivyo Mswahili wa kale aliposikia kwamba fulani anangoja, hakuwaza mtu aliyelala mkekani. Angeweza kumwaza mtu aliyesimama macho mahali pake pa zamu. Nadhani tumeisahau maana hii, na tulipoisahau tuliharibu kidogo hata mahubiri yetu.

Maandiko Matakatifu yanaelekea upande huo huo. Zaburi ya 123 inayalinganisha macho ya wamtumainio Mungu na macho ya watumishi yanayoutazama mkono wa bwana wao. Kwa nini mkono, wala si uso? Kwa sababu mtumishi hodari haambiwi mara mbili. Ishara ya mkono yamtosha, naye hawezi kuiona ishara hiyo kama amesinzia. Katika Injili ya Luka, sura ya 12, Yesu anawasifu watumishi ambao bwana wao akirudi usiku kutoka arusini atawakuta wamejifunga viuno na taa zao zinawaka. Kisha anaongeza jambo ambalo hakuna bwana wa dunia hii angelifanya: bwana huyo atajifunga mwenyewe, awaketishe na kuwahudumia. Yaani anayengojwa naye ana moyo wa mtumishi.

Lakini fungu ninalopenda zaidi limo katika Mathayo, sura ya 24. Pale mtumishi mwaminifu anaelezwa kuwa ni yule aliyewekwa juu ya watu wa nyumba ili awape chakula chao kwa wakati wake. Mwenzake mwovu anajisemea moyoni kwamba bwana anakawia, kisha anaanza kuwapiga wajoli wake na kula pamoja na walevi. Ikumbukwe kwamba wote wawili walijua bwana hayupo, na wote wawili walijua atarudi. Kilichowatofautisha ni hali ya watu wa nyumbani. Kwa mmoja walikula. Kwa mwingine walipigwa. Hapa ndipo nilipopata kipimo ambacho ningependa kila msomaji akitumie: ukitaka kujua kama mtu anamngoja Mungu kwa moyo wa mtumishi, usimtazame usoni uone alivyo mtulivu. Watazame walio karibu naye, uulize kama wamepata posho yao.

Mfalme Sauli alishindwa katika mtihani huu kule Gilgali. Aliagizwa amngoje Samweli kwa siku saba. Alingoja, lakini Samweli alipochelewa na watu kuanza kutawanyika, akaitwaa kazi isiyokuwa yake akatoa sadaka mwenyewe. Daudi kwa upande wake alipakwa mafuta awe mfalme angali kijana, kisha akarudi kuchunga kondoo wa babaye. Baadaye alimkuta Sauli pangoni, peke yake, akakataa kumuua ingawa aliyemtafuta roho alikuwa mikononi mwake. Wote wawili walikuwa na ahadi. Sauli aliona ahadi ni deni analostahili kulipwa kwa tarehe. Daudi aliona ni kazi atakayokabidhiwa wakati mwenye kazi atakapotaka.

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya kale ya nchi za mbali. Basi na tuje hapa hapa kwetu Rabai, umbali mfupi kutoka Mombasa. Mwaka wa 1846 alifika Mjerumani aitwaye Johannes Rebmann, aliyezaliwa mwaka wa 1820, kumsaidia mwenzake Johann Ludwig Krapf. Krapf alikuwa amefika Mombasa mwaka wa 1844, na katika miezi michache akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Najua wamishonari wana lawama zao katika historia yetu, nami sikusudii kuwasafisha. Wala wazee wetu Wamijikenda, ambao wageni waliwaita Wanyika, hawakuwa na haja ya kuzitupa mila zao mara tu walipohubiriwa na mtu waliyemwona jana. Nataka tutazame jambo moja tu: jinsi Rebmann alivyongoja.

Wanafunzi wa historia humjua kwa siku moja, tarehe 11 Mei 1848, alipouona Mlima Kilimanjaro na theluji yake. Baadhi ya wataalamu wa jiografia huko Uingereza walikataa kusadiki kwamba theluji yaweza kuwako karibu na ikweta. Lakini siku ile ilikuwa moja kati ya miaka 29. Krapf aliondoka mwaka wa 1853 kwa ajili ya afya yake, Rebmann alibaki. Mkewe alifariki mwaka wa 1866. Macho yake yalififia hata akawa kipofu. Waliobatizwa walikuwa wachache mno, kiasi kwamba yeyote aliyepima kazi yake kwa hesabu angesema haikuzaa kitu. Mwaka wa 1875 alirudi kwao Ujerumani, na mwaka wa 1876 akafa, akiwa na umri wa miaka 56.

Je, katika miaka hiyo yote alikaa tu akiutazama mlango usiopitwa na mtu? La hasha. Alikusanya maneno. Aliandika Kiswahili, aliandika lugha ya Wamijikenda, na kutoka kwa mtumwa mmoja aitwaye Salimini, aliyeletwa pwani kutoka nchi za Ziwa Nyasa, alijifunza lugha ya huko akaitungia kamusi. Kamusi hiyo ilichapishwa mwaka wa 1877, yeye akiwa kaburini. Kamusi ya Kinyika na Kiingereza yenye majina ya Krapf na Rebmann ilitoka mwaka wa 1887, wote wawili wakiwa wamekwisha kufa. Kila mwalimu wa lugha katika nchi hii amekula, kwa namna moja au nyingine, chakula kilichopikwa na watu wa aina hiyo, Salimini akiwa mmojawapo.

Tena tazama yaliyofuata. Mwaka ule ule Rebmann alipoondoka, 1875, kilianzishwa kijiji cha Freretown karibu na Mombasa kuwapokea watu waliookolewa utumwani. Rabai nayo ikawa kimbilio la watoro waliowatoroka mabwana wao, na kazi ya pale ikaja mikononi mwa William Jones, Mwafrika ambaye yeye mwenyewe alikuwa amekombolewa kutoka utumwani na kulelewa India. Tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watoro 1,400 walipewa hati zao za uhuru huko Rabai. Sidai kwamba Rebmann ndiye aliyewakomboa. Wengi wao walijikomboa kwa miguu yao wenyewe. Nasema tu kwamba walipokuja na haja yao, palikuwa na mlango uliokwisha kufunguliwa.

Hapa lazima nijibu pingamizi, maana nawajua wasomaji wangu. Mwalimu mmoja rafiki yangu huniambia kwamba maneno "mngoje Mungu" na "kuwa na moyo wa mtumishi" ni dawa ya usingizi wanayopewa wanyonge wasidai haki zao. Ana hoja. Wapo waliohubiri utumishi kwa manufaa ya mabwana. Lakini Kiswahili kinatuonya tusichanganye mambo. Mtumwa na mtumishi ni maneno yaliyotoka katika kitenzi kimoja, ila mtumwa hutumwa apende asipende, na mtumishi hutumikia kwa moyo wake. Anayemtumikia Mungu hawezi kumiliki mtu wala kumilikiwa na mtu. Tena mfanyakazi astahili ujira wake. Injili yenyewe yasema hivyo. Yule mzee aliponiambia kwamba nilikuwa nangoja mshahara, hakusema mshahara ni haramu. Alinionyesha kwamba nilikuwa nimeviunganisha vitu viwili, hata nikakataa kufanya kazi niliyosomea mpaka mtu fulani ofisini atie sahihi. Mwalimu adai haki yake kwa sauti na kwa njia zote halali. Hata hivyo, siku anapodai, watoto bado wangali barabarani.

Liko jambo jingine lenye uchungu zaidi, na singeweza kuandika juu ya kumngoja Mungu nikiwa mtu wa Kilifi nisilitaje. Mwezi wa Aprili 2023 nchi yetu ilishtushwa na habari za msitu wa Shakahola, katika kaunti hii hii yetu. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa huko. Waliookoka walieleza jinsi watu walivyoaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto wengi. Wale nao waliambiwa kwamba wanamngoja Bwana. Walikuwa na imani, walikuwa na subira, na walikuwa na utii kuliko wengi wetu.

Nimewasikia watu wakisema kwamba waliokufa kule walikuwa wajinga. Mimi siwezi kusema hivyo, kwa maana walikuwa majirani na jamaa zetu, na baadhi yao walisoma kuliko mimi. Nafikiri walidanganywa kwa neno zuri lililotolewa ndani yake kiini chake. Waliambiwa wangoje, lakini hawakuambiwa kwamba angojaye ameachiwa nyumba na watu ndani yake. Kipimo cha Mathayo kingewaokoa. Mtumishi mwaminifu huwapa watu wa nyumba chakula kwa wakati wake. Mahali ambapo mtoto ananyimwa uji kwa jina la Bwana, hapo Bwana hangojwi, hata watu wakiimba usiku kucha. Hili ni jambo ambalo sisi walimu, hasa wa Somo la Dini ya Kikristo, hatuna budi kulifundisha waziwazi, kwa sababu mwanafunzi anayejua kuzitaja aya bila kujua kuzipima ataaminishwa na yeyote mwenye sauti kubwa.

Sasa narudi kwa msichana wangu wa kidato cha tatu. Methali zile mbili hazigombani kama tunavyodhani. "Ngoja ngoja" ni kitenzi kilichorudiwa, na huko kurudiwa kwake kunamchora mtu ambaye hana afanyalo ila kuahirisha. Huyo tumbo lazima limuume, lake na la watoto wake. Subira ni jambo jingine. Subira huvuta, na kuvuta ni kazi ya mikono. Muulize mvuvi anayevuta jarife. Kwa hivyo, mwanangu, shika zote mbili. Moja ikuzuie kumkimbilia Mungu mbele kama Sauli, na nyingine ikuzuie kulala mlangoni pake.

Na kwa kaka yako nina salamu, ingawa naogopa zitamuuma kama zilivyoniuma mimi. Aendelee kupeleka barua zake za maombi, na akiona amedhulumiwa aseme. Lakini karibu na nyumba yenu najua wapo watoto wasiojua kusoma, na wapo wazee wanaohitaji mtu wa kuwasomea karatasi za hospitali. Mzee wetu wa kanisa alikwisha kufariki, na yuko mwingine anayefungua mlango sasa. Chumba cha nyuma bado kipo. Nimeuliza, nikaambiwa kwamba ufunguo wake hauna mtu.